Nilimjibu daktari "sijambo", sasa naogopa nimejiharibia mafao

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 51, naishi Ohio na mke wangu na binti yetu wa mwisho. Watu wa nyumbani wakituita wabeba boksi huwa wanatania, lakini mimi nimebeba kweli: miaka 13 ghalani, zamu ya usiku, maboksi mengine ratili 50. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa nashusha mzigo kwenye lori, kiuno kikalia kama tawi kavu. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto una ganzi mpaka kidole gumba, na nikisimama kidogo tu unawaka moto. Picha ya MRI ilionyesha diski mbili zimetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Nimechomwa sindano za mgongoni mara mbili, nafuu ikakaa wiki mbili ikaondoka.

Nikaomba mafao ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali ya huku Marekani. Baada ya miezi minne ikaja barua: siku fulani, saa fulani, nenda kwa daktari fulani ambaye sijawahi hata kumsikia, serikali italipa. Usipokwenda, maombi yanaweza kukataliwa.

Nilikwenda na binti yangu awe mkalimani, maana Kiingereza changu ni cha ghalani. Daktari akaingia, akaniuliza hali. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu: sijambo, namshukuru Mungu. Binti akatafsiri vivyo hivyo. Akanigonga magoti kwa kinyundo, akaninyanyua miguu, akanitaka niinamie vidole vya miguu, nikajikaza nikaishia magotini. Akauliza kama naweza kubeba vitu. Nikasema naweza, maana galoni ya maziwa naitoa garini mwenyewe. Akauliza kama naoga na kuvaa mwenyewe. Hapo binti akaniangalia, nikamwangalia, akajibu "ndiyo". Ukweli ni kwamba mama yake ndiye ananiosha miguu na kunivalisha soksi, lakini hayo utayasemaje mbele ya mtoto wako? Mkongojo niliuacha garini, niliona aibu kuingia nao. Nilipotoka nikatazama saa. Dakika 12.

Sasa imekuja barua ya pili, ya daktari wa akili. Mimi si kichaa, dada. Rafiki yangu wa kanisani anasema nisiende, ni mtego, hao madaktari wanalipwa ili wakunyime. Mwingine anasema niende, ila safari hii nichechemee na kulia mpaka waogope. Daktari wangu anayenitibu ameshaniandikia karatasi kwamba siwezi kufanya kazi. Kwani haitoshi? Na zile dakika 12 zimeshaniua?

Mbeba Boksi Aliyeishiwa Nguvu, Ohio

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana na kiuno.

Nianze na lenye tarehe. Nenda. Ukikosa uchunguzi wa Social Security bila sababu ya maana, kanuni zinawaruhusu kukuhesabu kuwa si mlemavu, na hapo utakuwa umekataliwa bila mtu kubishana na MRI yako. Sababu wanazozikubali ni kama vile kuugua siku yenyewe, barua kuchelewa kukufikia au kuja na maelezo yasiyo sahihi, msiba au ugonjwa mkubwa kwa mtu wa karibu katika familia. Ukiwa na mojawapo, piga simu kwa ofisa aliyetajwa kwenye barua, na upige kabla ya siku, si baada. Kama tatizo ni usafiri, mwambie hilo pia, kwa sababu gharama za kwenda kuchunguzwa zinaweza kurudishwa.

Sasa huyo "daktari wa serikali". Nimekuwa mkalimani kwenye vyumba vya aina hiyo kwa miaka, nimekaa sana kwenye kile kiti cha plastiki cha kona, na nakuambia rafiki yako wa kanisani amekosea nusu. Kweli analipwa na serikali. Lakini kwa kawaida ni daktari mwenye kliniki yake, anayelipwa kwa kukuchunguza na kuandika ripoti. Hakutibu, hakuandikii dawa, na haamui kama utapata mafao au hutapata. Maombi yako yalipotoka Social Security yalikwenda kwenye idara ya jimbo inayopima ulemavu. Huko yupo ofisa anayeshika faili lako, na daktari mshauri wa idara ambaye hatakuona kwa macho. Hao ndio wanaoamua katika hatua hii, na wanaamua kwa makaratasi.

Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini waliagiza uchunguzi. Huagiza pale faili linapopungukiwa au karatasi zake zinapopingana. Barua ile haikuwa dalili ya kukataliwa wala ya kukubaliwa, ilikuwa inakuambia faili lina shimo. Mara nyingi nimeona shimo lenyewe ni la kipuuzi: hospitali iliyochoma sindano haijatuma rekodi, au ilituma kurasa za bima peke yake. Kesho asubuhi mpigie ofisa wako umuulize maneno haya: "Umepokea rekodi kutoka wapi, na za mwisho ni za tarehe gani?" Akikosa za sindano au za MRI, zifuate mwenyewe, uzitume, ubaki na nakala. Hakuna kitu utakachofanya mwezi huu chenye faida kuliko simu hiyo.

Nije kwenye "sijambo" yako.

Sisi tumelelewa hivyo. Mtu anatoka chumba cha wagonjwa mahututi, ukimuuliza hali anasema sijambo kidogo, namshukuru Mungu. Hilo ni jibu la adabu, halina habari ya mwili ndani yake. Lakini mwandishi wa ripoti hana safu ya adabu. Nimewahi kumtafsiria mama mmoja aliyepanda ngazi tatu za kliniki kwa kushikiliwa makwapa na wanawe wawili. Alipoulizwa hali akasema "nzima kabisa, daktari, sijui wewe". Nikatafsiri, ndiyo kazi yangu, nikaona kalamu inatembea. Usidhani sentensi hiyo moja ndiyo inayoua maombi. Inachofanya ni kukaa mle kwenye faili ikisubiri nyenzake, na wewe, mdogo wangu, umeipa nyenzake tatu: naweza kubeba, naoga mwenyewe, na mtu asiye na mkongojo.

Hiyo ya kubeba ndiyo nzito zaidi, na nitakuonyesha kwa hesabu. Galoni ya maziwa ni ratili 8 na ushei. Kanuni zao zinapanga kazi kwa uzito. Kazi ya kukaa ni ile ambayo kitu kizito kuliko vyote ni ratili 10. Kazi nyepesi inafika ratili 20, na sehemu kubwa ya siku uko wima. Sasa umri wako: wana jedwali linalounganisha umri, elimu, kazi ulizofanya na nguvu iliyobaki, na kuanzia miaka 50 umri unaanza kukusaidia. Mtu wa miaka 50 hadi 54 aliyefanya kazi za kubeba tu, asiye na ujuzi wa kuhamishia ofisini, akionekana anaweza kazi ya kukaa peke yake, kwa kawaida jedwali linamhesabu mlemavu. Akionekana anaweza kazi nyepesi, kwa kawaida linamkatalia. Yaani kati ya ratili 10 na 20 ndipo kesi yako ilipolala. Wewe ulikuwa na maziwa ya ratili 8 kichwani ukasema "naweza", na daktari naye huenda aliandika namba aliyoiona yeye.

"Naweza" bila kipimo ni neno baya sana mbele ya hawa watu. Useme nabeba nini, mara ngapi kwa siku, halafu nini kinafuata. "Naitoa galoni moja garini, naiweka mezani, halafu nakaa robo saa mguu upoe." Hapo hujalalamika wala hujajisifu. Umesimulia kilichotokea jikoni kwako.

Zile dakika 12 nazo zina la kusema. Kanuni za Social Security zinataka uchunguzi wa mifupa na misuli au wa mishipa ya fahamu utengewe angalau dakika 20, na wa mwili mzima angalau 30. Ni muda wa kupanga miadi, kwa hiyo usitegemee ripoti ifutwe kwa kuwa ulitoka mapema. Lakini ni hoja halali na inafaa iwe kwenye faili. Chukua karatasi leo, kabla kumbukumbu haijachujuka, andika: daktari aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, alipima nini, hakupima nini. Je, alikutaka utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole? Alikugusa kule kwenye ganzi kwa pamba au pini? Alikuuliza umesimama muda gani kabla moto haujaanza? Kisha chini yake sahihisha majibu yako: kwamba ulisema unabeba ukimaanisha galoni ya maziwa, kwamba binti yako alisema unaoga na kuvaa mwenyewe kwa sababu ya haya, wakati mke wako ndiye anayekuosha miguu na kukuvalisha soksi, na kwamba mkongojo ulikuwa garini. Mtumie ofisa wa faili bila kumtukana daktari. Itume sasa kabla uamuzi haujatoka, maana masahihisho yanayokuja baada ya kukataliwa yananuka kama hadithi mpya.

Halafu kagua ile fomu ya shughuli za kila siku uliyojaza mwanzoni. Kama pale uliandika mke wako ndiye anayekuvalisha soksi, barua yako inaungana na fomu na "ndiyo" ya binti inabaki peke yake. Kama uliandika unajifanyia yote kwa sababu ya haya hayo hayo, sahihisha na hiyo.

Karatasi ya daktari wako. Najua itakuuma, lakini sentensi "hawezi kufanya kazi" wao hawaihesabu kama ushahidi. Wanasema huo ni uamuzi wao, si wa daktari. Tena kwa maombi yote yaliyoletwa kuanzia 27 Machi 2017, maoni ya daktari anayekutibu hayapewi uzito wa moja kwa moja kama zamani. Kila ripoti, yake na ya yule wa dakika 12, inapimwa hasa kwa mambo mawili: ina vipimo gani nyuma yake, na inapatana vipi na mengine yaliyomo kwenye faili. Binafsi naona badiliko hilo liliwaumiza wagonjwa wenye daktari mmoja anayewajua vizuri, lakini ndiyo kanuni iliyopo. Kwako lina upenyo pia, kwa sababu ripoti ya dakika 12 isiyopatana na MRI yenye diski mbili ndiyo inayopaswa kujieleza. Rudi kwa daktari wako umwombe aandike upya kwa namba. Dakika ngapi unasimama, ngapi unakaa kabla ya kubadili mkao, ratili ngapi, mara ngapi kwa siku unalazimika kulala chali, na kipimo kipi kinamfanya aamini hivyo. Na mkongojo! Ni lazima pawe na maandishi ya kitabibu kwamba unauhitaji na unauhitaji wakati gani. Ulionunua mwenyewe dukani bila karatasi, kwao ni kipande cha mti tu.

Yule anayekushauri uchechemee, mwambie ahsante, uendelee na safari yako. Hawa madaktari wana namna zao. Anakunyanyua mguu ukiwa umelala, unapiga kelele. Baada ya dakika tano umekaa ukingoni mwa kitanda, anakunyoosha goti huku akiuliza habari za watoto, wewe kimya. Ni kipimo kile kile. Akiandika kwamba majibu yako hayakulingana, maneno hayo yatachafua hata yale ya kweli. Anakutazama pia unavyotoka kwenye gari, unavyofungua vifungo, unavyookota funguo zilizoanguka. Ukitembea kama unavyotembea nyumbani saa moja asubuhi, inatosha.

Kuhusu daktari wa akili, hakuna aliyekuita kichaa. Nadhani, na sina faili lako mkononi, kwamba mahali fulani uliandika hulali, au daktari wako aliandika umekuwa mtu wa huzuni na kusahau. Wanatakiwa kupima maradhi yako yote kwa pamoja, na maumivu ya mwaka mzima yanayomnyima mtu usingizi yanaingia hadi kwenye kumbukumbu. Uchunguzi wa magonjwa ya akili unatengewa angalau dakika 40, na ule wa kisaikolojia angalau saa nzima. Atakuuliza tarehe, atakupa maneno matatu uyarudie baadaye, pengine akutake utoe saba kutoka 100 ukishuka. Wengine wanapenda kuuliza maana ya methali. Mzee mmoja niliyemtafsiria aliulizwa ile ya Waingereza ya jiwe linalobingirika lisiloota kuvu. Akafikiri sana, akaniuliza kwa Kiswahili, "Jiwe lipi, la hapa au la kwetu?" Ingekuwa haba na haba angemwekea daktari mhadhara. Niliomba ruhusa nimweleze daktari kwamba methali hiyo haipo kwetu, akaifuta. Mtoto wako asingethubutu kumkatiza daktari.

Ndiyo maana nakusihi, safari hii usiende na binti kama mkalimani. Unapopiga simu, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipi chochote. Binti akusindikize, akae nje. Yaliyokushinda kusema mbele yake utayasema kwa mtu baki, na utashangaa yanavyotoka. Ukiulizwa umelalaje, usiseme salama. Sema umeamka saa ngapi, umekaa wapi, na ulikuwa unafikiria nini. Kama kuna siku unatamani usiamke kabisa, liseme na hilo, na umwambie daktari wako pia bila kusubiri miadi ya serikali.

Mama watoto naye ana kazi. Ipo fomu ya mtu anayemjua mwombaji, ya kueleza anachokiona. Aijaze kwa maneno yake, na isifanane na yako neno kwa neno. Yeye ndiye aliyeshika hizo soksi, anajua mguu gani anaanza nao na kwa nini.

Ukikataliwa, usianze maombi mapya kama wanavyofanya wengi. Kata rufaa ndani ya siku 60 tangu ulipopokea barua. Wao huhesabu kwamba umeipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Omba nakala ya faili lako lote, ikiwemo ripoti ya huyo daktari, uone aliandika nini hasa, maana mpaka sasa mimi na wewe tunakisia. Wakili wa kesi hizi huchukua sehemu ya malimbikizo ya mafao yako ukishinda, kwa kawaida asilimia 25 yenye ukomo uliowekwa na serikali, na rufaa ikifika mbele ya hakimu, ripoti ile inaweza kuhojiwa mstari kwa mstari. Kwa hiyo barua yoyote ikija, andika siku uliyoipokea juu ya bahasha, na bahasha usiitupe.